Mfalme Aliyerudi Nyuma

Lamara Jgharkava alikasirika saa nane mchana, sufuria ya gomi, ugali wa kwetu, ikiwa mikononi, na hasira ile haikumtoka mpaka anazikwa. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo watakaokwambia kwamba alikuwa mwanamke mpole. Waongo. Upole walimvalisha wao, kama walivyomvalisha aproni siku ya tatu baada ya harusi.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mwaka 1974, mitungi ya divai mpya imeshafunguliwa na persimoni, yale matunda ya rangi ya chungwa, yamebaki mitini bila majani. Kiwanda chetu cha chai, kilicho kando ya mto Inguri, kilikuwa kinagombea kombe la sataranji na kiwanda cha wenzetu wa Guria. Kila timu ilileta watu watano: wanaume wanne na mwanamke mmoja. Wanaume walicheza Jumamosi. Jumapili asubuhi ikabaki meza moja tu, ya wanawake, na mwanamke wetu alikuwa Lamara.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchambua majani kwenye meza ndefu ya chuma, vijiti huku, majani huku, saa nane kwa siku, miaka ishirini. Alipoolewa aliletwa na magodoro mawili, sufuria ya shaba na seti ya sataranji iliyochongwa na baba yake mdogo, kama binti yeyote wa kwetu mwenye watu wake. Mama mkwe wake, Pelagia, alivipokea vyote, akaifungia ile sataranji kwenye kabati la vioo sebuleni.

"Hii ni ya kuonekana," alisema. "Ukitaka kucheza, kacheze huko klabuni na vipande vyao vya makopo."

Pelagia ndiye aliyeshika funguo za nyumba, na ndiye aliyefungua barua zote zilizoingia, zikiwemo za Lamara kutoka kwa dada zake. Hakuwa na ubaya wa moyo. Alikuwa tu hajawahi kusikia kwamba mke wa mwanawe anaweza kuwa na kitu kisichofunguliwa. Lamara, mwaka wa kwanza huohuo, aliiba mfalme mweupe kutoka kabatini siku ya kufuta vumbi, akamtia mfukoni mwa koti la kazini. Alikaa naye humo miaka ishirini. Hakuna aliyegundua kwamba mfalme hayupo, ingawa kabati lilitazamwa na kila mgeni. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakitazama.

Kucheza alicheza vizuri, na kila aliyemwona alijua. Lakini sikiliza walivyomtenda. Mwaka 1961 alikuwa anaelekea kumshinda mke wa mgeni mkubwa aliyetoka mjini. Mumewe Murtaz, mtunza ghala wa kiwanda, akaja nyuma ya kiti chake, akainama, akamwambia mwamuzi, "Sare, sare, tusimwaibishe mama wa watu." Mwaka 1968 alikuwa na mimba ya miezi sita na askari wawili zaidi ya mwenzake, wale wadogo wa mstari wa mbele. Bondo, mkuu wa kiwanda, akasema, "Shemeji amechoka, andikeni sare." Lamara hakuwa amechoka. Alikuwa anafikiri. Mara zote mbili aliinuka, akapeana mikono, akarudi nyumbani kupika.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Mpinzani wake alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, Tsiuri, mpima unyevu wa majani kule Guria, mwenye vidole virefu na adabu nyingi. Meza ile ilikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza, kombe: timu yetu ilikuwa mbele kwa pointi moja, hivyo sare ilitosha kulileta nyumbani. La pili, Tbilisi: mwanamke mmoja tu kutoka meza za wanawake angekwenda kwenye fainali ya wafanyakazi wanawake wa jamhuri nzima. Lamara akishinda, anakwenda Lamara. Ikiwa sare, anakwenda Tsiuri, aliyekuwa amemtangulia kwa nusu pointi katika mechi za mwaka ule.

Walicheza kuanzia saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa klabu ya kiwanda. Ilipofika saa saba walikuwa wamekulana karibu vipande vyote. Ubaoni walibaki wafalme wawili na askari watatu. Pembeni kabisa, askari mmoja mweupe na mmoja mweusi walikuwa wamegusana pua, hakuna anayepita. Karibu na katikati, Lamara alikuwa na askari mwingine mweupe aliyebakiza hatua mbili tu ageuke malkia, lakini mfalme mweusi alikuwa amekaa palepale mlangoni kama mlinzi wa ghala. Mfalme wa Lamara alisimama nyuma kidogo ya askari wake. Zamu ilikuwa ya Lamara.

Hapo mwamuzi akasimamisha saa. Siku zile mchezo usipokwisha unaahirishwa, na mwenye zamu haruhusiwi kuicheza mbele ya watu. Anaiandika kwenye karatasi, karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha inapigwa lakiri, mwamuzi anakaa nayo. Lamara aliandika upesi, akafunika kwa kiganja, akaitoa. Mchezo ungeendelea saa kumi na moja jioni.

Alipotoka ukumbini alitembea taratibu kuliko kawaida yake. Ilikuwa bahasha yake ya kwanza maishani ambayo Pelagia hangeifungua.

Na kwa kuwa zamu ya kuwakaribisha wageni ilikuwa ya Murtaz, chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa Lamara. Mwanamke amecheza saa nne, kichwa kinamwaka moto, na wanaume tisa wamekaa mezani kwake wanasubiri gomi. Alikuwa amempika bata mzinga kwenye mchuzi wa jozi tangu jana yake, akaandaa jibini, maharage na pilipili ya kusaga. Gomi lakini haliliwi limepoa, kwa hiyo alivaa aproni juu ya gauni la mashindano, akashika mwiko, akasonga.

Alipokuwa anasonga alisikia mlio aliokuwa hajausikia kwa muda mrefu. Ulikuwa mlango wa kabati la vioo.

Murtaz alikuwa amelifungua kwa ufunguo wa mama yake. Hakuwahi kumfungulia mkewe hata mara moja katika miaka ishirini, leo kawafungulia wanaume ili wauchambue mchezo wake. Walisogeza sahani, wakaupanga ubao katikati ya chupa na mifupa, wakaanza kubishana juu ya mchezo wa mwanamke aliyekuwa hatua sita kutoka hapo na hawakumwita.

"Mfalme mweupe yuko wapi?" Bondo aliuliza.

"Labda panya," Murtaz akasema.

Wakaweka kizibo cha chupa badala ya mfalme. Bondo ndiye aliyekuwa kiongozi wa karamu, na hakuna kiongozi wa karamu asiyejiona pia kiongozi wa sataranji. Akakisogeza kizibo mbele kwa kidole chenye mafuta.

"Tuseme kweli, jamani. Shemeji akienda mbele, huyu mweusi anahamia upande, anamziba. Akimsukuma askari, mweusi anarudi mlangoni. Akimsogelea tena, mweusi amebanwa, hana pa kukanyaga, na hajashambuliwa. Ni nini hiyo?"

"Sare!" wakaitikia kama wako kanisani.

"Akipitia huku kushoto, mweusi anatoka, wanakabiliana uso kwa uso. Nani atapita?"

"Hapiti mtu!"

"Hata babu yangu angekubali sare hapo," alisema Varlam, nahodha wa wageni, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kuimba, "na babu alikuwa mbishi mpaka kuhani alimkimbia."

Lamara alikuwa ameshafika mlangoni na sufuria. Akauliza, "Na akirudi nyuma?"

Wote waligeuka. Kisha walicheka kicheko kile ambacho wanaume hucheka wakiwa wameshiba nusu.

"Arudi nyuma!" Bondo alisema akijifuta machozi. "Shemeji, mfalme anayerudi nyuma amebanwa na haja! Lete gomi, bibie, lete gomi, tunakufa njaa."

Mtu mmoja tu mezani hakucheka. Tsiuri, aliyekaa mwisho karibu na dirisha, aliacha kutafuna.

Naomba nieleze jambo moja kuhusu mabata mzinga, maana bila hilo hutaelewa. Bata mzinga wa kwetu ana kiburi. Ukitaka kumwingiza bandani jioni, naye amesimama kati ya ua na mlango, ukimwendea moja kwa moja anasimama anakutazama. Ukienda kushoto anaziba kushoto, ukienda kulia anaziba kulia. Unaweza kukesha hapo. Mwanamke aliyezoea hufanya hivi: anarudi nyuma hatua moja, anasogea pembeni hatua moja, kisha anarudi palepale alipokuwa. Bata mzinga hawezi kutulia. Wakati wewe unazunguka, yeye lazima atapatape, aende na arudi, na ukifika mahali pako unamkuta amekanyaga pasipofaa. Sataranji nayo ni hivyohivyo, tena kwa sheria: zamu yako ikifika, huruhusiwi kukaa. Lazima usogee hata kama kila pa kusogea ni pabaya. Mfalme mweusi alikuwa na vyumba viwili tu vya kupumulia. Mfalme wa Lamara alikuwa na vitatu. Akizunguka vile vitatu, mwenzake akihangaika katika viwili, watakutana tena palepale, lakini zamu itakuwa imehama.

Lamara alilijua hilo tangu usichana wake, uani kwa mama yake, fimbo mkononi. Wanaume tisa wale hawakuwahi kuingiza bata mzinga bandani hata mmoja. Walimjua akiwa kwenye mchuzi tu.

Basi Bondo akasimama, akajaza divai mpya kwenye pembe ya kunywea.

"Ndugu zangu, kwa nini tuwatese wanawake wetu jioni nzima kwa jambo lililokwisha? Sisi tuchukue kombe. Binti yetu Tsiuri aende Tbilisi, ni kijana, mbele yake kuna njia. Kila nyumba ipate furaha yake. Murtaz, wewe ndiye mwenye paa hili. Sema neno."

Murtaz akapokea pembe. Hakutazama jikoni. Aliweka kiganja kifuani, sauti ikamtetemeka kwa wema, akasema, "Mgeni kwangu ametoka kwa Mungu. Ndugu Varlam, mbele yako na chini ya paa langu, natoa neno langu: saa kumi na moja wanapeana mikono. Sare." Akanywa mpaka tone la mwisho, akaigeuza pembe juu chini ili waone. Varlam akasimama, akambusu, akaanza kuimba, na wote wakaitikia, maana kuimba wanajua.

Hiyo ndiyo saa nane mchana. Lamara amesimama mlangoni na gomi. Sikilizeni, watu walikuwa wanaimba vizuri, jua limeingia dirishani, kila mtu ana upendo, na katikati ya upendo huo wamemtoa yeye kama sahani ya jibini. Alitamani kuimimina ile sufuria mapajani mwa Bondo. Alitamani hivyo kwa dhati, akapima na umbali. Badala yake alimpakulia Bondo, akampakulia Varlam, akampakulia mumewe, mmoja mmoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jikoni Pelagia alikuwa anakata jibini. Naye alikuwa amesikia.

"Usinune, mwanangu. Murtaz ametoa neno. Neno la mwanamume likishanywewa halitapikwi."

"Mama, neno lake na mfalme wangu vinajuana wapi?"

"Mbele ya mgeni, Lamara! Unataka watu waseme nyumba hii haina heshima?"

"Heshima ya nyumba hii mimi ndiye niliyeisonga asubuhi na mchana. Hakuna aliyeniuliza kama ina chumvi."

Pelagia alifungua kinywa, na hapohapo Tsiuri akaingia na sahani chafu mikononi. Yule bibi akachukua jibini lake akatoka, akiwaacha peke yao. Msichana aliweka sahani taratibu.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye bahasha umerudi nyuma. Sivyo?"

Lamara aliendelea kukwangua sufuria.

"Nimepiga hesabu nikiwa nakula. Nimeizungusha mara tatu. Sina pa kutokea, nimekwisha."

"Basi kama umekwisha, kula ushibe."

"Lakini sare imeshanywewa, shangazi." Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyokera. "Mimi bado kijana. Kule Tbilisi wataniona, huenda nikapata kazi ya kufundisha, nitoke kwenye majani. Wewe una nyumba yako, una mume, una watoto wawili wa kiume. Tbilisi utaenda kufanya nini?"

Lamara akaweka mwiko chini.

"Nitaenda kucheza," alisema. "Nikupe lingine? Wanaume tisa wamekaa pale saa nzima na hawakuiona hatua. Wewe umeiona peke yako, huku unatafuna. Una kichwa kuwashinda wote, halafu unakuja hapa kujificha nyuma ya pembe yao. Wale ni wajinga, nimeshawazoea. Wewe ndiye unayenichoma."

Msichana aliona haya mpaka masikioni. Lamara akavua aproni, akaitundika, akavaa koti lake la kazini, akaviacha vyombo vyote vilivyokuwa pale, vya mezani na vya jikoni, akatoka kwa mlango wa uani. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha vyombo vichafu tangu aolewe. Alizunguka mashamba ya chai kwa miguu mpaka saa kumi na nusu, mkono mfukoni, amemkamata mfalme.

Ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa. Mbele walikaa wanaume, nyuso nyekundu, wamelegea kwa wema. Nyuma walikaa wanawake wa meza ya kuchambua, na vitambaa vyao vya kichwa, wamekuja kumwona mwenzao. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa, na kijana wa klabu akivihamisha vipande kwa fimbo. Murtaz alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, palepale aliposimama mwaka 1961.

Mwamuzi, mtu mkavu kutoka Zugdidi ambaye hakuwa amealikwa chakula, alipasua lakiri. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Mfalme mweupe," alitangaza, "anarudi nyuma."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Bondo alicheka peke yake, akakohoa, akasimama.

"Ndugu mwamuzi, hakuna haja. Pande zote mbili zimeshakubaliana sare."

"Pande zipi?" mwamuzi aliuliza. "Mimi mezani naona wanawake wawili. Kati yao nani ameomba sare?"

Tsiuri alimtazama Varlam, Varlam akamfanyia ishara kwa kidevu. Msichana akanyoosha mkono juu ya ubao. "Sare?" alisema.

"Mpe mkono," Murtaz alinong'ona nyuma ya kiti. "Lamara. Nimetoa neno langu. Mpe mkono."

Mkono ulikaa hewani. Lamara aliuangalia. Aliziangalia kucha zake fupi, safi, zenye rangi ya chai kwenye pindo kama zake mwenyewe. Hakuugusa.

"Zamu ni yako, binti," alisema. "Saa yako inakimbia."

Murtaz alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Tsiuri akaurudisha mkono wake, akaukalia kidogo, kisha akainama juu ya ubao. Na hapo, nimsifu, alicheza. Hakukata tamaa wala hakumlilia nahodha wake kwa macho. Alimhamisha mfalme wake chumba cha pili. Lamara akamsogeza wake pembeni, hatua moja. Tsiuri akafikiri dakika kumi na mbili. Kila alipotazama palikuwa pabaya. Akamrudisha mfalme mlangoni. Lamara akapanda hatua moja, akakaa.

Kijana wa fimbo ukutani alisita, akatazama ubao wa mezani, akatazama wake. Vipande vyote vilikuwa vilevile kama saa saba mchana, kila kimoja kwenye chumba chake.

"Si palepale?" Bondo alisema kwa nguvu. "Amezunguka bure! Nilisema mimi! Palepale!"

Kutoka nyuma, katikati ya vitambaa, mwanamke mmoja alicheka. "Palepale, bwana mkubwa, lakini sasa anayepaswa kusogea ni mwenzake! Huyo bata mzinga!"

"Bata mzinga!" akaitikia mwingine, na safu zote mbili za nyuma zikalipuka, wanawake arobaini wakipiga magoti yao, maana walikuwa wameshaelewa kabla ya fimbo. Mwamuzi aligonga meza. Wanaume wa mbele walitazamana, kila mmoja akitafuta usoni mwa mwenzake kile kilichochekwa.

Tsiuri alitoka mlangoni, maana ilibidi atoke. Lamara akamkabili. Tsiuri akarudi, Lamara akapita ubavuni, akamfikia yule askari mweusi wa pembeni aliyekuwa amegusana pua na wake tangu asubuhi, akamla. Sasa walikuwa askari wawili dhidi ya mfalme mpweke. Msichana alimlaza mfalme wake kwa kidole kimoja. Kisha akanyoosha mkono kwa mara ya pili, na safari hii Lamara aliupokea, akaushika sana.

"Nilikuwa nimeiona," Tsiuri alisema.

"Najua. Mwakani usimwambie mtu."

Murtaz alimngoja nje, kwenye ngazi. Wageni walikuwa wanapakia vitu vyao kwenye basi, Varlam ameukunja uso, hataki hata glasi ya kuagana. Kwetu mgeni akiondoka bila glasi ya kuagana, aibu yake hukaa kwenye ukoo mpaka wajukuu.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," alisema Murtaz. Alikuwa karibu kulia. "Kombe tumepata, ndiyo, lakini neno langu! Nilimpa mgeni neno langu!"

"Hukumpa neno lako. Ulimpa kitu changu." Lamara hakupunguza sauti, na waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. "Mgeni wako akipenda kitu, una ng'ombe, una koti, una saa ya baba yako. Mpe. Mara ya kwanza ulinitoa kwa mke wa mkubwa, nikanyamaza. Mara ya pili ukasimama kimya Bondo aliponitoa, na tumboni nina mwanao. Leo umenitoa huku nimekubebea gomi. Miaka ishirini, Murtaz! Siku moja tu, moja, ungegeuka ukauliza, 'Lamara, wewe umeandika nini?' Ningekwambia. Wewe peke yako ningekwambia."

Murtaz alivua kofia. Alisimama pale na kofia yake mkononi mpaka basi likaondoka.

Murtaz hakumsemesha mkewe kwa siku kumi na moja. Vyombo vya karamu vilikaa mezani siku tatu, mafuta ya jozi yakiganda, mpaka Pelagia aliposhindwa na harufu akaviosha mwenyewe, akilaani kwa sauti watu wote wa Jgharkava, ukoo aliozaliwa Lamara, walio hai na waliokufa. Ubao ulibaki katikati na kizibo chake. Kizibo Lamara alikitupa motoni. Ubao na vipande akavifunga kwenye kitambaa, pamoja na mfalme kutoka mfuko wa koti, akapanda navyo treni ya Tbilisi mwezi wa kwanza.

Nisikudanganye, hakuwa bingwa. Walikuwa wanawake kumi na wawili, na alimaliza wa tisa. Lakini siku ya kwanza alikaa na mfumaji mmoja wa Gori, mwanamke mzito aliyecheza bila kupepesa, na wakavutana saa tano. Mwishowe walibaki wafalme wawili na askari waliofungana, hakuna wa kupita kokote, nyuma wala pembeni. Lamara alitafuta. Alitafuta nusu saa nzima, kila chumba, hatua kwa hatua, na hakukuwa na mtu nyuma ya kiti chake. Aliporidhika kwamba hakuna njia, alinyoosha mkono mwenyewe.

"Sare?"

Mfumaji alifikiri, akaitika kwa kichwa. Wakapeana mikono. Lamara akatoka, akakaa kwenye ngazi za baridi, akalia kwa hasira ya miaka yote ile, akafuta uso, akatafuta posta.

Simu ya maandishi ilifika kesho yake asubuhi. Pelagia aliifungua, kama kawaida yake, akaisoma karibu na dirisha.

"Sare," alimwambia mwanawe kwa dharau. "Fujo yote ile, amekwenda mpaka Tbilisi, kumbe sare!"

Murtaz aliichukua ile karatasi mkononi mwake. Ilikuwa na maneno matatu tu, na mama yake alikuwa amesoma la kwanza peke yake. Akasoma yale mawili yaliyobaki: NIMEITOA MWENYEWE. Akakaa chini kwenye kiti chake kichwani pa meza, mahali alipokuwa amesimama na ile pembe, akayasoma tena. Yalikuwa yameandikwa kwa ajili yake.